Jinsi ya kuendesha gari kwa mafuta kidogo na moshi kidogo

Kila unapokanyaga breki, kuna mafuta uliyokwisha kuyachoma ambayo hayatakufikisha popote. Injini iliyachoma ili gari lipate mwendo, moshi ukatoka kwenye eksozi, halafu breki ikaugeuza mwendo huo kuwa joto. Ukitoka kwenye foleni ndefu, sogeza kiganja karibu na rimu ya mbele bila kuigusa. Joto utakalolisikia ni petroli yako.

Nilielewa jambo hili nikiwa tayari nimeendesha kwa miaka mingi, na liliubadilisha mguu wangu kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa. Nilikuwa naamini kwamba kulinda hewa ni kazi ya wanaotengeneza magari. Ni kweli wana kazi kubwa, lakini gari lile lile, kwenye njia ile ile, likiwa na abiria wale wale, hula mafuta tofauti kabisa likishikwa na madereva wawili tofauti.

Hesabu yenyewe haina maficho. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, na lita moja ya dizeli takriban kilo 2.7. Wengi hushangaa, maana lita ya petroli yenyewe haifiki hata kilo moja. Uzito unaoongezeka ni wa oksijeni ya hewani, ambayo huungana na kaboni ya kwenye mafuta wakati wa kuungua. Kwa hiyo hakuna dawa ya kumimina kwenye tanki wala kifaa cha kufunga kwenye bomba la mafuta kitakachoibadilisha hesabu hiyo. Njia iliyobaki ni kuchoma lita chache zaidi kwa safari ile ile, na hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Hatua ya 1: Jua gari lako linakula kiasi gani

Kabla hujabadilisha chochote, pima. Weka daftari dogo kwenye dashibodi. Jaza tanki mpaka pampu ikatike yenyewe, kisha andika kilometa zinazosomeka. Endesha kama kawaida yako. Ukirudi kujaza, jaza tena mpaka pampu ikatike, andika lita zilizoingia na kilometa mpya.

Tuseme zimeingia lita 36 na umetembea kilometa 450. Gawa 36 kwa 450, zidisha kwa 100, unapata 8. Gari lako linakula lita 8 kwa kila kilometa 100. Kama ni la petroli, zidisha hiyo 8 kwa 2.3: kila kilometa 100 unaacha hewani kilo 18.4 za kaboni dayoksaidi.

Fanya hivyo kwa tanki tatu mfululizo. Tanki moja hudanganya. Pengine gari liliegeshwa kwenye mwinuko siku ya kujaza, pengine wiki hiyo foleni zilizidi. Na pampu ikishakatika usimwombe mhudumu aongeze "kidogo tu". Mafuta yakijaa hadi shingoni humwagika au huingia kwenye mfumo uliowekwa kunasa mvuke wa petroli, na mvuke huo ni sumu kwako wewe unayeuvuta na kwa hewa pia. Funga kifuniko hadi kilie.

Magari mengi ya siku hizi huonyesha ulaji wa mafuta papo hapo kwenye dashibodi. Kioo hicho kinafaa kuufundisha mguu, kwa sababu utaiona namba ikiruka kila ukikanyaga. Kwa hesabu ya mwezi, amini daftari.

Hatua ya 2: Angalia mbali, achia mapema

Ukiwa na nafasi ya kushika tabia moja tu katika mwongozo huu, shika hii.

Chukua taa za barabarani. Uko mwendo wa 50, na mita 200 mbele taa imegeuka nyekundu. Dereva aliyezoea vibaya huendelea kukanyaga mafuta mpaka abakize mita 40, halafu anahamia kwenye breki. Gari linainama mbele, abiria wanashika viti, linasimama, injini inaunguruma nusu dakika, taa inawaka kijani, naye anaanza kulivuta gari kutoka sifuri. Mwenye mguu mwepesi huinua mguu pale pale alipoiona nyekundu. Gari linabaki kwenye gia, mwendo unashuka wenyewe: 50, 42, 35. Anarudisha gia moja. Anapobakiza mita 30 taa inawaka kijani, magari ya mbele yanaanza kusogea, naye anapita akiwa kwenye 20 bila kusimama kabisa. Wote wawili wamevuka taa ile ile, kwa kijani kile kile.

Tofauti yao inahesabika. Gari la kilo 1,300 likiwa kwenye mwendo wa 50 limebeba nguvu ya mwendo ambayo, ukizingatia kwamba injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto, imegharimu karibu mililita 16 za petroli. Hicho ni kijiko kimoja cha kulia. Kila ukisimama ghafla kutoka 50 umemwaga kijiko. Ukisimama bila lazima mara 60, umemwaga karibu lita nzima. Tena nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kusimama kutoka 100 hakugharimu vijiko viwili bali vinne.

Ili uweze kuachia mapema lazima uwe na nafasi. Ukimgandia gari la mbele, kila akigusa breki nawe utagusa, hata kama hakukuwa na sababu. Acha sekunde tatu kati yenu: gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu polepole moja, mbili, tatu, na usiifikie nguzo hiyo kabla hujamaliza. Mvua ikinyesha ongeza. Wapo watakaochomekea kwenye nafasi hiyo. Waache waingie, kisha itengeneze tena. Nimejaribu kuizuia nafasi kwa kubana na nimejaribu kuiachia, na muda wa kufika haukubadilika kiasi cha kutajwa.

Jicho lako lisiishie kwenye namba za gari lililo mbele yako. Litazame la tatu na la nne kupitia vioo vyake, tazama taa za breki za mbali, tazama kituo cha basi ambako watu wameanza kusogea barabarani, tazama tuta lililo mita 100 mbele. Matuta ni mahali ambapo mafuta mengi hupotea kimyakimya, kwa kuwa madereva hukimbia kati ya tuta na tuta kisha hukanyaga breki juu ya kila moja. Chagua mwendo mmoja unaokupitisha matuta yote bila kugusa breki wala kuongeza mafuta. Utajiona mzito siku mbili za kwanza, halafu utazoea.

Kwenye foleni ya kusukumana, kanuni ni hiyo hiyo. Badala ya kukimbia mita 10 na kusimama, subiri pengo likue kidogo, kisha tambaa kwa gia ya kwanza au ya pili bila kukoma. Wa nyuma atapiga honi mara moja au mbili. Usimjibu kwa mguu.

Hatua ya 3: Ondoka kwa utulivu, panda gia mapema

Watu huchanganya utulivu na uvivu. Hakuna haja ya kuondoka kwa mwendo wa kinyonga, kwa sababu injini inayokaa muda mrefu kwenye gia ndogo nayo hula. Kanyaga mafuta kwa kiasi, yasiyumbe, na upande gia mapema: gari la petroli kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, la dizeli kati ya 1,500 na 2,000. Mshale wa mizunguko uko pembeni mwa mshale wa kasi, na madereva wengi hawajawahi kuutazama. Injini ikianza kutetemeka na kugonga, umepanda mapema mno, rudisha gia.

Gari la gia za otomatiki nalo husikiliza mguu. Ukikanyaga sana, linashikilia gia ndogo. Ukilegeza mguu kidogo baada ya kushika kasi, litapanda gia lenyewe.

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, yaani kukimbiza na kufunga breki, hupunguza umbali unaopata kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye mwendo wa barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye barabara za kusimama na kuondoka. Hakuna kifaa chochote dukani kinachoweza kukurudishia kiasi hicho. Mguu wako unaweza, na ni bure.

Mteremkoni: usitoe gia

Jambo hili ninalisisitiza kwa sababu linaua. Madereva wengi hufundishana kwamba ukifika mteremkoni utoe gia, gari liserereke, mafuta yapone. Kwenye magari ya zamani ya kabureta palikuwa na chembe ya ukweli. Kwenye gari lenye nozeli (midomo inayopuliza mafuta ndani ya injini) zinazoendeshwa na kompyuta, mambo ni kinyume. Ukiinua mguu gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ikaribie ile ya kusimama. Ukitoa gia, injini inabaki peke yake na lazima ichome mafuta ili isizimike. Kwa hiyo anayetoa gia mteremkoni anachoma mafuta, na aliyebaki kwenye gia hachomi.

Hatari ndiyo kubwa zaidi. Bila gia, breki peke yake ndiyo inayolizuia gari, na kwenye mteremko mrefu huchemka mpaka inapoteza nguvu. Kuzima injini ukiwa mteremkoni ni vibaya zaidi: usukani unakuwa mzito, na kisaidizi cha breki hukuishia baada ya kukanyaga mara chache. Usijaribu hata mara moja, hata kama barabara ni tupu. Shuka kwa gia, na mteremko ukiwa mkali rudisha gia mapema ili injini ikusaidie kushikilia.

Hatua ya 4: Punguza kidogo barabara kuu

Mjini adui yako ni kusimama. Barabara kuu adui ni upepo. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi: ukitoka 100 kwenda 120 umeongeza kasi kwa asilimia 20, lakini hewa inakuzuia kwa asilimia 44 zaidi. Toa mkono dirishani kwenye 40, utahisi upepo wa kupunga. Kwenye 100 mkono wote unasukumwa nyuma. Gari zima linapambana na msukumo huo kila sekunde, na mafuta ndiyo yanayolipia.

Unachopata kwa malipo hayo ni kidogo. Kilometa 60 kwa mwendo wa 120 ni dakika 30, kwa mwendo wa 100 ni dakika 36. Hapo nimechukulia barabara iliyonyooka isiyo na lori mbele, jambo ambalo ni nadra. Kwa kawaida dakika hizo sita huliwa na kituo kimoja cha ukaguzi.

Shika mwendo ulioruhusiwa au chini yake kidogo, na usiuyumbishe. Kwenye tambarare, kifaa cha kushikilia kasi kinasaidia. Kwenye vilima kizime, maana kitakanyaga mafuta kwa nguvu ili tu kulinda namba. Wewe ukubali mwendo ushuke kidogo kwenye kupanda, kisha uurudishe kwenye kushuka.

Hatua ya 5: Zima injini ukisimama

Injini inayounguruma gari likiwa limesimama hula karibu lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kama kiyoyozi kinafanya kazi. Kuwasha upya hugharimu mafuta ya sekunde kama 10 hivi za kuunguruma. Kwa hiyo unaposubiri mtu nje ya duka, unapopanga foleni ya kivuko, njia ya reli ikifungwa, zima. Kwenye foleni inayosogea kila mara, usizime, na usizime kamwe gari likiwa linatembea.

Angalizo kwa wenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini: kama umetoka kupanda mlima mrefu au kukimbia sana, iache injini iungurume kama dakika moja ipoe kwanza, ndipo uzime.

Asubuhi hakuna haja ya kulipasha moto gari kwa dakika kumi. Washa, funga mkanda, panga vioo, ondoka taratibu. Injini hupata joto haraka zaidi ikiwa inatembea. Na usiache gari likiunguruma ndani ya banda lililofungwa kwa sababu yoyote ile: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala.

Hatua ya 6: Upepo wa matairi, kila mwezi

Kwa muda mrefu niliyapima matairi kwa macho na kwa teke, kama wengi tunavyofanya. Siku niliponunua geji yangu mwenyewe niliyapima matairi asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kibandiko cha gari kilisema psi 33 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Tairi la nyuma kushoto lilisoma 24, na nilikuwa nimelitazama jioni iliyotangulia nikaliona zima kabisa. Matairi ya siku hizi hayaonyeshi kuishiwa upepo mpaka yawe yameisha sana.

Namba sahihi ya gari lako imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha mafuta. Mara nyingi zipo mbili: ya gari jepesi na ya gari lililojaa watu na mizigo. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi lenyewe siyo hiyo. Hiyo ni kikomo cha juu ambacho tairi linavumilia, na anayejaza kwa kuifuata anajipunguzia mshiko barabarani.

Pima matairi yakiwa ya baridi, gari likiwa limelala au limesimama angalau saa tatu. Tairi lililotoka kutembea lina hewa iliyotanuka na litakupa namba ya uongo. Fungua kifuniko cha valvu, bonyeza geji moja kwa moja bila kuiinamisha, sauti ya kuvuja ikikoma soma. Rudia mara mbili. Pima matairi yote, na la akiba pia. Tairi zima hupoteza karibu psi 1 kwa mwezi hata bila tundu, na joto la hewa likishuka kwa nyuzi 10 hupungua karibu psi 2. Ndiyo maana mara moja kwa mwezi, na kila kabla ya safari ndefu.

Tairi laini hukunjika zaidi linapozunguka, na kila linapokunjika linapoteza nguvu. Kwa wastani, kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote hula asilimia 0.2 ya mafuta. Utasema ni kidogo. Lakini hupotea kila kilometa, mwaka mzima, na tairi lenyewe huisha upesi pembeni, mpira wake ukiwa vumbi linaloishia hewani na mitaroni. Vumbi hilo hutoka hata kwenye magari ya umeme yasiyo na eksozi, kwa hiyo wenye magari hayo nao hatua hii inawahusu.

Ukiwa hapo chini, fanya na jaribio jingine. Baada ya safari ambayo hukutumia breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, pedi inashika na gari linaburuta breki muda wote. Lipeleke gari kwa fundi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Shusha mizigo, toa keria

Fungua buti. Jeki, tairi la akiba na vifaa vya dharura vibaki, vingine vishuke. Kila kilo 45 za ziada hula kama asilimia 1, na gari dogo huumia zaidi kuliko kubwa.

Keria ya juu ni mbaya kuliko uzito wake unavyoonyesha, kwa sababu hushindana na upepo. Sanduku kubwa la juu ya paa linaweza kula asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Hata keria tupu hupiga mluzi, na mluzi huo ni mafuta. Ifungue ukiwa huihitaji.

Kuhusu kiyoyozi: gari likiwa limepigwa na jua, fungua milango yote dakika moja joto litoke, ondoka vioo vikiwa wazi, kisha washa. Mjini kwa mwendo mdogo, vioo wazi ni nafuu. Barabara kuu funga vioo utumie kiyoyozi. Siku za joto kali, hasa safari fupi, kinaweza kula zaidi ya robo ya mafuta, kwa hiyo egesha kivulini kila unapoweza.

Hatua ya 8: Sevisi, na masega yabaki mahali pake

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, usiifunike kwa stika. Sensa ya oksijeni iliyokufa huifanya kompyuta imimine mafuta kwa kubahatisha, na kuirekebisha kunaweza kuboresha ulaji kwa hadi asilimia 40. Tumia oili ya unene uliotajwa kwenye kitabu cha gari, maana oili nzito kuliko inavyotakiwa huilazimisha injini kufanya kazi ya ziada. Petroli ya oktani ya juu haina faida kwenye gari ambalo halikutengenezewa.

Tazama eksozi yako kioo cha nyuma kikikuruhusu, au mwombe mtu asimame nyuma ukikanyaga. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zimechoka, au sensa inadanganya. Wa bluu, injini inachoma oili. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa ya moto, maji ya rejeta yanaingia mahali pasipostahili. Ule mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi ni wa kawaida.

Sasa masega. Katikati ya bomba la eksozi kuna kopo lenye matundu madogo kama sega la nyuki, yaliyopakwa madini ya thamani. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dayoksaidi, oksaidi za naitrojeni hugeuka naitrojeni ya kawaida, na mabaki ya petroli isiyoungua hugeuka kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Marekani magari yalianza kufungwa kifaa hiki kwa wingi kuanzia matoleo ya mwaka 1975, na kwa kuwa risasi iliyokuwa kwenye petroli iliyaua masega, nchi moja baada ya nyingine ikaiondoa. Ya mwisho kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Dunia nzima ilichukua miongo kadhaa kuyawekea masega mazingira ya kufanya kazi, halafu fundi anakwambia ayatoe "gari lipumue".

Usikubali. Gari lenye masega mazima halipungukiwi nguvu. Masega yakiziba, kuna kilichoyaziba: plagi mbovu, injini inayokula oili, mafuta yanayomiminwa kupita kiasi. Ukiyatoa bila kutibu chanzo, ugonjwa unabaki na sumu yote inaenda puani mwa watoto wanaotembea kando ya barabara, ambao pua zao ziko karibu na usawa wa eksozi kuliko zako. Wenye dizeli, hali ni hiyo hiyo kwa chujio la masizi. Likiwasha taa, mara nyingi linahitaji tu safari ya barabara kuu ya dakika 20 au zaidi lipate joto la kuyachoma masizi yenyewe. Soma kitabu cha gari kabla hujamruhusu mtu ashike msumeno.

Oili chakavu isimwagwe chini wala mtaroni. Lita moja inatosha kuharibu lita milioni moja za maji. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko uirudishe kwa wanaokusanya. Betri iliyokufa nayo irudi dukani, ina risasi na tindikali.

Hatua ya 9: Panga safari kabla ya kuwasha

Injini baridi hula zaidi, na masega hayafanyi kazi mpaka yapate joto la mamia ya nyuzi. Ndiyo maana safari nne za kilometa mbili mbili, kila moja ikianza na injini iliyopoa, huchafua kuliko safari moja ya kilometa nane. Andika unakokwenda kwa siku, anza na kituo cha mbali injini ipate joto, kisha rudi ukipitia vya karibu. Safari ya kilometa moja tembea kwa miguu kama mzigo unakuruhusu. Na mkiwa wawili mnaokwenda upande mmoja, gari moja linatosha.

Hatua ya 10: Rudi kwenye daftari

Usianze zote kwa siku moja. Anza na kuachia mapema, ukae nayo tanki moja nzima. Kisha upepo wa matairi na keria. Kisha mwendo wa barabara kuu. Baada ya tanki tatu mpya, fanya hesabu ile ile ya lita kwa kilometa 100 na ulinganishe na tatu za mwanzo.

Namba ikigoma kushuka na una hakika mguu umebadilika, kagua mambo matatu. La kwanza, breki inayoshika, kwa jaribio la rimu. La pili, alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu: gari likivuta upande mmoja ukiachia usukani kidogo kwenye barabara tambarare, matairi yanaburuzwa. La tatu, themostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini. Mafundi wengine huitoa gari likichemsha, na kuanzia hapo injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta. Tazama mshale wa joto baada ya kutembea kilometa kumi hivi. Ukiwa bado chini kabisa, muulize fundi kama themostati ipo, na kama haipo airudishe.